Uso wa Bibi Arusi na Kata Sita za Maji

Uso wa binti wa Bi Tausi niliutosa baharini mimi mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wanawake waliokuwa wakitanda shuka kuvua uduvi. Katika nyuso zote nilizoosha maishani mwangu, huo ndio ambao haujageuka manjano hata kidogo. Nauandika mwanzo kwa sababu najua mtaniuliza huo kwanza. Sasa nirudi nyuma niwaeleze kwa taratibu.

Mwezi uliopita niliwakabidhi ufunguo wa chumba cha giza, na mikono yangu imeanza kukauka kwa mara ya kwanza tangu ujana. Ninyi wanangu mnaosha filamu, zinajikunja kama mkia wa kinyonga, na pampu ya kisima mnaipiga huku mnapiga soga. Nimewaona. Maji yanafurika kwenye sinia, yanamwagika uani, bata wa jirani wanaoga. Sisi tulianza na vioo, miaka ile kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, na tulianza bila maji. Kazi niliyowafundisha yote ilitokana na ukosefu huo, kwa hiyo ni haki mjue ilivyotokea.

Mpiga picha wa kwanza niliyemfanyia kazi alikuwa Mgoa, jina lake Bwana Roki. Alikuja kutoka Unguja na sanduku la picha, miguu mitatu ya kulisimamishia, na masharubu yaliyopakwa nta ambayo kwa joto la Bagamoyo yalianguka kila siku ikifika adhuhuri. Alipanga chumba cha mbele katika nyumba yetu ya Dunda. Nyumba ilikuwa ya shangazi yangu, Bi Mize, nami nilikuwa nikikaa naye baada ya kuachika. Bwana Roki hakuipenda nyumba. Alipenda kisima kilichokuwa uani.

Siku yake ya kwanza ya kazi nilimtazama kupitia pazia. Alitoka chumba cha giza na kioo kimoja kilicholowa, ukubwa wa kiganja na nusu, akakiweka ndani ya sinia, akaanza kumwaga maji. Akamwaga mtungi mzima. Akaita mwingine. Alipofika mtungi wa sita, shangazi alitoka.

"Baba," akamwuliza, "unaosha kioo au unaosha tembo?"

"Bibi, hii dawa lazima itoke yote. Ikibaki kidogo tu, picha inageuka manjano, halafu inafutika."

"Dawa gani?"

"Ya kukazia. Ni kama chumvi."

"Chumvi kidogo hivyo ndiyo inywe kisima changu?"

Hapo nieleze, kwa wale walioanza juzi. Kioo kilipakwa utando mwembamba wenye dawa inayoshika mwanga. Baada ya kupiga picha, kiliwekwa katika dawa ya kuamsha sura, kisha katika dawa ya kukazia ili sura isikimbie. Dawa hiyo ya pili ndiyo adui. Inajificha ndani ya utando, inakaa kimya miaka miwili, halafu bwana mmoja mwenye heshima zake anafungua sanduku na kukuta picha yake ina rangi ya embe bivu.

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kutawadha kwa kata moja. Sisemi kwa kumsifu. Nilimwona kila siku kwa miaka mingi. Kata moja ya kifuu, na akimaliza chini pamebaki pakavu, kuku hapati hata tone. Alimnyang'anya Bwana Roki kile kioo kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akachota kata moja, akamwagia kwenye bakuli, akakitikisa kioo ndani yake taratibu, kisha akayamwaga maji yote, akakiinamisha kioo mpaka tone la mwisho likadondoka. Akachota ya pili, akafanya vile vile. Akachota ya tatu.

"Maji yakishakunywa dawa yameshiba," alisema. "Ukiyaongezea wenzao, unawalisha walioshiba. Yamwage, ulete wenye njaa."

Bwana Roki hakuamini. Alichovya ncha ya kidole kwenye tone la mwisho akakilamba. Dawa ya kukazia ina utamu fulani wa ajabu, utamu wa kutia kichefuchefu, na ukiizoea huikosei. Alilamba mara mbili. Masharubu yakainuka yenyewe bila nta.

"Haipo," alisema. "Imetoka!"

Jioni ile akamwomba shangazi aniruhusu nimfanyie kazi ya kuosha. Tangu hapo kipimo chetu kikawa kata sita kwa kila kioo, tatu za haraka na tatu za kukaa kidogo, na kila baada ya kata kioo kinainamishwa mpaka matone yakome. Ninyi filamu zenu zioshweni hivyo hivyo. Msizilaze kwenye maji mengi mkaenda kupika. Ila msilambe. Nililamba miaka mingi na nikapona, lakini sikuwahi kula wali wenye ladha ya wali mpaka siku za karibuni. Na mwezi wa Ramadhani kulamba hakukuwezekana, kwa hiyo vioo vyote vya mchana vilingoja adhana ya magharibi. Wengine walifuturu kwa tende. Mimi nilianza na tone la kioo, nikitema, kisha ndiyo nikatafuta tende.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa makubwa na sitayaficha. Kosa la kwanza lilikuwa la adabu nzuri. Kwetu mtungi wa maji ya kunywa hufukizwa kwa ubani na mastiki kabla ya kutiwa maji, ili mgeni akinywa ayaone yana harufu ya nyumba ya watu. Mimi nikasema kama mgeni wa kunywa anafukiziwa, na uso wa mtu je? Nikaifukiza mitungi ya kuoshea vioo, nikaifukiza sana, nikajipongeza. Kesho yake mfanyabiashara mmoja wa pembe, mwenye uso laini kama yai, akachukua picha yake akaikuta ina ndui mwili mzima. Moshi ulikuwa umeacha masizi na chembe za utomvu ndani ya mtungi, zikahamia usoni kwake.

"Huyu nani?" alifoka. "Huyu amekufa!"

"Ni wewe, bwana," nilimjibu nyuma ya pazia. "Ila unanukia vizuri."

Shangazi alinifinya. Bwana Roki akampiga nyingine bure.

Kosa la pili lilikuwa la joto. Maji ya kisima yakiachwa juani yanapata uvuguvugu, na utando wa kioo unalainika kama uji. Nilimwosha akida mmoja kwa maji ya namna hiyo. Pua ikateleza, nikaiona kwa macho yangu ikishuka polepole kuelekea kidevuni, nami nimeshika bakuli naomba Mungu isimame. Ilisimama kwenye mdomo. Tangu hapo tulitia shabu kidogo kwenye kata ya kwanza, shabu ile ile ya dukani wanayotumia vinyozi. Inakaza utando, na pia inatuliza tope la kisima likakaa chini. Mitungi ya kuoshea nikaihamishia kwenye ukumbi unaopita upepo, nikaivika magunia yaliyolowa. Mkono wako ukiutia ndani ya maji useme ah! Hapo ndipo yanafaa.

Sasa nafika kwa Bi Tausi.

Ilikuwa kiangazi, na misafara ya bara ilikuwa imeteremka pamoja. Mji ulijaa wapagazi. Walikuwa wametembea miezi na vipande vya pembe mabegani, wana haki ya kunywa, na walikunywa. Visima vya mji vilichotwa usiku na mchana. Chetu kilianza kutoa tope, kisha kikatoa sauti tu.

Katika hali hiyo Bi Tausi akaja kwetu. Alikuwa mjane, mkazi wa mtaa wa pili, mwenye mtoto mmoja tu, Salma, ambaye sikuwahi kumwona amefunuliwa. Salma alikuwa ameolewa na mtu wa Pangani, na Ijumaa baada ya sala mume angemchukua kwao.

"Shikamoo, Bi Mize," alisema, akakaa kabla ya kuitikiwa.

"Marahaba. Unahema hivyo, kuna nini?"

"Mwanangu anakwenda Pangani. Macho yangu haya yameanza ukungu. Akirudi baada ya miaka mitatu, sitamwona vizuri. Nataka uso wake nibaki nao sasa, wakati bado naona. Mgoa wako ana vioo?"

Alikuwa nacho kimoja. Sanduku jingine la vioo lilikuwa bado Unguja. Bwana Roki alitoa kifurushi chake, akakipima mkononi, akasema kioo kiko kimoja tu, kikiharibika hakuna kingine kabla ya Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Lakini mwanamume kumtazama bibi arusi? Bi Tausi hakutaka hata kusikia. Tukakubaliana hivi: mimi nikae kwenye kiti, Bwana Roki alitengeneze sanduku lake kwa uso wangu, kisha atoke nje ya ua, ahesabu kwa sauti, nami niondoe kifuniko cha jicho la sanduku na kukirudisha. Basi akatoka. Salma akaletwa amejifunika, akafunuliwa, akakaa. Tukamsikia Mgoa nje ya ua anahesabu moja, mbili, tatu kwa sauti ya mwadhini, na wapita njia wakimwuliza anahesabu nini.

"Nahesabu bibi arusi!"

"Ni wangapi?"

Salma akashika tumbo ili asicheke. Mimi najisifu kwa macho. Nimezoea kuona kila kitu. Siku hiyo niliona kifuniko cha shaba peke yake. Niliogopa kukiangusha. Uso wenyewe sikuutazama, na neno hilo litanisumbua mbele.

Bwana Roki akakiamsha kioo na kukikazia. Bi Tausi alipoonyeshwa, akaona uso mweusi na nywele nyeupe kama kizee cha jini, maana kwenye kioo weusi na weupe hubadilishana, akatulia. "Hivi hata soko zima likimtazama," alisema, "hapana haya."

Tukaenda kuosha. Mtungini zilibaki kata sita. Si kwa kioo. Kwa nyumba nzima. Mtu aliyetumwa kutafuta maji alikuwa hajarudi tangu asubuhi.

"Kikikauka na dawa yake, kwisha," Bwana Roki alisema. Masharubu yalikuwa yameanguka kabisa.

"Kata hizi ndizo za kunywa na za kutawadha," shangazi alisema. "Sala ya alasiri haina Mgoa."

Bi Tausi alikaa chini, akashika kichwa. Hakulia. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Basi nitamkumbuka kwa sauti." Shangazi akamtazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe. Bahari nayo imekauka?"

Bwana Roki akaruka. "Bibi! Chumvi itakula utando! Itaacha madoa!"

"Ulisema dawa yako ni kama chumvi. Hukusema?"

"Nilisema."

"Basi chumvi itamfuata ndugu yake. Halafu huyo ndugu tutamwondoa kwa maji yetu haya. Chumvi ya bahari inatoka upesi. Mimi nimefua nguo za wavuvi."

Sikungoja wamalize. Nikakitia kioo kwenye bakuli lenye dawa yake kidogo kisikauke, nikafunika kwa leso, nikaenda. Bwana Roki nyuma, Bi Tausi nyuma yake, shangazi nyuma ya wote akitupigia kelele tusikimbie. Maji yalikuwa yamekupwa. Pwani yetu ikikupwa, bahari inaondoka kama imetukasirikia. Tulitembea mpaka nikadhani tutafika Unguja. Mbele walikuwapo wanawake wanatanda uduvi kwa shuka, wawili wawili.

"Bi Mwanakombo!" mmoja aliniita. "Mnaosha nini?"

"Bibi arusi."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa bakulini."

Akachungulia, akaruka nyuma, akaachia ncha ya shuka. Uduvi wote wakaenda zao. Mwenzake alimtukana mpaka nikaziba masikio.

Nilichuja maji ya bahari kwa leso ili mchanga usiingie, nikayabadilisha bakulini mara nane kwa njia ile ile ya kata, kutikisa, kumwaga, kuinamisha. Kuna uduvi mmoja alipenya akakaa juu ya paji la uso wa bibi arusi, nikamwondoa kwa ncha ya ukucha bila kupumua. Nilijaribu kulamba. Ndipo nilipogundua upungufu wa shauri la shangazi: ulimi ukishaonja bahari hauonji kitu kingine. Kama dawa ilikuwamo au haikuwamo, hakuna aliyejua.

Tulirudi nyumbani. Mjadala wa kata sita haukuwa mrefu. Mbili za shangazi, nne za kioo, na anayetaka kunywa ameze mate. Shangazi alitawadha kwa kata moja kama kawaida yake, ile ya pili akaisukuma kwangu. Nikawa na tano.

Kata ya kwanza, chumvi. Ya pili, chumvi. Ya tatu, chumvi kidogo. Ya nne nililamba, nikafumba macho, nikalamba tena. Maji. Hayana utamu, hayana chumvi.

"Maji!" nilipiga kelele. "Ni maji matupu!"

Bwana Roki akamshika shangazi mkono kwa furaha, akakumbuka, akauachia, akaushika mlango badala yake. Kata ya tano nikaimwagia kwa hakika. Na hapo hapo, kabla sijainamisha kioo, Bi Tausi akachomoa mrashi wake wa fedha, umejaa marashi.

"Mwanangu hatatoka na harufu ya bahari!"

"Usimwage!" tulilia wote watatu.

Alisita. Mrashi ulikuwa umeshainama. Shangazi alisema hakuna kilichodondoka. Bwana Roki alisema tone moja. Mimi nilikuwa nimekivuta kioo kifuani, sikuona.

Kilikauka vizuri kwenye ukumbi wa upepo. Kesho yake Bwana Roki akakipaka vanishi, akanipa karatasi, nami nikazichapa picha mbili juani bila yeye kuzitazama, kama tulivyoahidi. Nilipozifungua nilikaa chini. Salma alikuwa pale mzima, na lile tabasamu la kuzuia kicheko. Na kwenye shavu la kulia, chini kidogo ya jicho, palikuwa na nukta nyeusi, ndogo kama mbegu ya ufuta.

Nikazipeleka kwa Bi Tausi pamoja na shangazi, nimeandaa radhi zote ninazozijua. Akaisogeza picha karibu na macho, akaisogeza zaidi, machozi yakaanza.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu huyu! Hata baka lake limetoka! Tazama, Bi Mize, baka lake!"

Nilimtazama shangazi. Shangazi alitazama dari.

Ijumaa Salma akaondoka na picha moja, Bi Tausi akabaki na moja. Alikaa nayo mpaka ukungu wa macho ukafunga kabisa, na baada ya hapo aliwaonyesha wageni kwa kidole, akiligusa lile shavu bila kukosea.

Nimekuwa na miaka ya kutosha kulichunguza jambo hili, na nililichunguza kwa mpango. Chembe ya chumvi ikikauka juu ya utando huacha kishimo, na kishimo kwenye kioo huchapa nukta nyeusi. Tone la marashi laweza kufanya hivyo hivyo. Ukucha wangu ulipita kwenye paji, si kwenye shavu, hilo naliapia. Na baka la kweli nalo huchapa nukta nyeusi. Kwa jicho havitofautiani. Ungepitisha ncha ya kidole ungehisi kama pana kishimo au hapana, lakini vanishi imefunika kila kitu, laini kama kikombe. Kioo ninacho hapa. Chupa ya spiriti ya kuondolea vanishi ninayo pia, na nimeiweka kando yake mara nyingi, nikairudisha kabatini.

Nilikwenda Pangani baada ya miaka kadhaa. Salma alikuwa na watoto watatu, na kwenye shavu la kulia, chini kidogo ya jicho, palikuwa na nukta nyeusi. Majirani walimjua kwa hiyo. Nilipomkumbatia nilinusa wanja, nikashuku nukta imechorwa, lakini wanja alikuwa nao machoni pia, kama wanawake wote. Picha ilikuwa ukutani, nyeupe na nyeusi kama siku niliyoichapa.

"Salma," nilimwambia, "tuko wawili tu. Baka hilo ulizaliwa nalo, au ulilipata kwangu?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaweka kidole juu ya shavu, akaficha nukta yenyewe.

"Dada Mwanakombo," alisema, "aliyeniosha ni wewe. Unaniuliza mimi?"